Wasomaji Wanauliza: Amla, Shikakai, Hina na Nywele Zetu

Karibu barua zote za safari hii zinahusu kitu kimoja: unga wa mitishamba ya Ayurveda, tiba ya jadi ya Bara Hindi, ule unaouzwa kwa pakiti za gramu 100 katika maduka ya Wahindi na siku hizi hata kwenye vibanda vya vipodozi. Kwa watu wa pwani si mgeni kabisa, maana hina, uwatu na mwarobaini tumekua navyo. Ila majina mengine ni mapya, maelezo ya pakiti ni mafupi mno, na wengi wanaharibu nywele kwa makosa yanayozuilika. Barua tumezifupisha.

Swali: Nimenunua pakiti tano: amla, shikakai, ritha, brahmi na bringaraji. Nachanganya zote kijiko kimoja kimoja, napaka kila Jumamosi, nakaa nazo saa nzima. Mwezi haujaisha nywele zimekuwa kama katani. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Dada, pakiti zako hazina kosa. Kosa ni kuzitia zote bakuli moja, kwa sababu kila unga una kazi yake, na mbili kati ya hizo tano ni sabuni.

Shikakai ni maganda ya mmea unaotambaa, wa jamii ya migunga, na jina lake kwa Kitamil lina maana ya tunda la nywele. Ritha ni tunda la mti, na huko India hufuliwa nalo hata hariri, na vito husafishwa nalo. Vyote viwili vina saponini, yaani kile kinachotoa povu na kung'oa mafuta. Amla ni tunda chachu lenye tanini nyingi, ile ile inayokukausha kinywa ukila bibo. Ikiwa kidogo huzipa nywele uimara na mng'ao, ikizidi huzikausha. Brahmi na bringaraji (pakiti huandika Bhringraj) ni majani, na Wahindi wenyewe mara nyingi huyapika ndani ya mafuta ya ufuta au ya nazi badala ya kuyapaka na maji. Usishangae ukikuta brahmi za maduka mawili hazifanani harufu: jina hilo linabebwa na mimea miwili tofauti, Bacopa monnieri na Centella asiatica, kutegemea ni sehemu gani ya India.

Sasa tazama ulichokuwa ukifanya. Kila wiki umezipaka nywele sabuni mbili, ukaziacha na sabuni hizo saa nzima, na juu yake ukaweka tanini. Hata shampuu ya dukani ingekaa kichwani saa nzima ingekuacha na katani hiyo hiyo.

Acha unga wote kwa wiki tatu. Osha kwa shampuu laini mara moja kwa wiki, paka kondishena bila ubahili, ikae dakika 10, uchane kwa chanuo la meno mapana kondishena ikiwa bado imo. Ule ukavu utaondoka baada ya kuosha mara mbili tatu. Ncha zilizokwisha kupasuka hazirudi, hizo zikate.

Ukirudia, anza na shikakai, na ritha iache kabatini kwanza kwa sababu ndiyo kali zaidi. Kwa nywele zinazofika mabegani: shikakai vijiko 2 vya chakula, unga wa uwatu kijiko 1 cha chakula, maji ya moto yasiyochemka ml 250. Uwatu hutoa ute kama wa bamia, na ute huo ndio unaopunguza makali ya saponini na kuzifanya nywele ziteleze vidoleni. Koroga, funika dakika 20, kisha chuja kwa kitambaa cha melimeli na kukamua. Utapata maji ya kahawia, mazito kidogo. Yatie kwenye chupa ya kuminya, hata ile ya sosi ya nyanya iliyooshwa vizuri inafaa. Lowesha nywele, zigawe mafungu manne hadi sita, minyia maji hayo kwenye ngozi ya kichwa fungu kwa fungu, sugua kwa nyama za vidole na si kwa kucha, dakika tatu mpaka tano basi, halafu suuza.

Povu litakuwa dogo. Hapa ndipo wengi wanapodhani hazijatakata wakaongeza unga maradufu. Usiangalie povu, ukishasuuza, shika unywele mmoja kati ya vidole viwili uvute taratibu. Ukiteleza bila utando wa mafuta, umetakata. Na inamisha kichwa nyuma, si mbele: shikakai ikiingia jichoni inawasha vibaya, na maji safi mengi ndiyo dawa yake. Mara moja kila wiki mbili inatosha. Amla itie ndani ya mchanganyiko huo kijiko 1 cha chai, mara moja kwa mwezi, na uone nywele zako zinaipokeaje kabla ya kuongeza.

Swali: Nywele zangu ni za kipilipili, fupi na nzito. Unga haunitoki. Siku tatu baadaye bado nadondosha vumbi kwenye mto. Niache tu?
*Msomaji, Nairobi*

Jibu: Usiache, badilisha namna. Nywele za singa husuuzika kwa maji ya bomba tu, lakini za kipilipili kila mkunjo ni kijimfuko cha kushikilia chembe. Tatizo huanza kabla hujapaka.

Chukua unga kidogo, tia tone la maji kiganjani, usugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi mkwaruzo kama wa mchanga, usiupeleke kichwani kabla ya kuchekecha. Chungio la unga wa chapati halitoshi. Vuta soksi ndefu ya nailoni juu ya mdomo wa bakuli, uifunge kwa mpira, mimina unga kijiko kimoja kimoja na kupitisha kwa mgongo wa kijiko. Kinachobaki juu ni vijiti na mishipa ya majani, na ndicho kilichokuwa kikidondoka kwenye mto wako wa kulalia.

Kisha usipake unga mkavumkavu. Uloweke kwa maji ya moto dakika 30 ili kila chembe inywe maji na kuvimba, na uzito wake uwe kama wa mtindi, si kama wa ugali. Ukishapaka, vaa kofia ya plastiki. Uji wa unga ukikauka kichwani unageuka udongo, na kuung'oa ni kukata nywele.

Wakati wa kusuuza, bomba lije mwisho. Jaza beseni maji ya vuguvugu, zamisha nywele, zitikise majini kwa vidole mpaka maji yachafuke, mwaga, rudia mara mbili. Halafu paka kondishena nyepesi kwa wingi, chana polepole, suuza tena. Kondishena hulainisha mkunjo na kubeba chembe zilizosalia. Zikikauka kabisa, kung'uta kwa taulo.

Kwa aliyesuka au mwenye rasta jibu ni fupi zaidi: usipake uji wa unga hata mara moja. Ukiingia ndani ya rasta hautoki, unakaa humo na unyevu mpaka uvunde. Tumia chai yake tu, vijiko 2 vya chakula kwa ml 500 za maji yaliyochemka, ipoe, ichujwe mara mbili kwa melimeli, imwagwe kichwani kama maji ya mwisho.

Swali: Mie nina miaka 58, kichwa kimejaa mvi. Nataka weusi bila piko maana mwenzangu ilimtoa malengelenge. Nilijaribu nili peke yake, nikatoka na rangi ya kijani-buluu, nikajifunga mtandio wiki mbili. Nifanyeje?
*Mama wa Mombasa*

Jibu: Shikamoo mama. Umefanya vyema kuikimbia piko, na tutaanza na hiyo kwa sababu wengi bado wanaiita hina nyeusi. Hina nyeusi haipo. Jani la mhina, Lawsonia inermis, lina rangi moja tu, lawsoni, na lawsoni hutoa rangi ya chungwa mpaka nyekundu ya kahawia. Unga wowote unaodai ni hina na unatoa weusi wa makaa kwa dakika 30 umetiwa rangi ya viwandani, na mara nyingi ni PPD, ile iliyomo kwenye rangi nyeusi za nywele na kwenye piko. Ngozi ikishaikataa PPD mara moja, huendelea kuikataa, na safari ya pili huwa kali kuliko ya kwanza. Mwambie mwenzako asiguse tena rangi yoyote nyeusi ya boksi bila kumwona daktari wa ngozi.

Nili nayo ni jani la kweli, Indigofera tinctoria, na rangi yake ni buluu. Juu ya mvi, ambazo hazina rangi yake, buluu hiyo inabaki ilivyo au inaelekea kijani. Ndiyo maana weusi hujengwa kwa hatua mbili: wekundu wa hina chini, buluu ya nili juu.

Hatua ya kwanza. Nywele zioshwe kwa shampuu isiyo na mafuta, zisipakwe kitu. Kwa nywele fupi gramu 100 za hina, zinazofika mabegani gramu 200. Changanya na maji ya vuguvugu yaliyotiwa maji ya limau vijiko 2 vya chakula kwa kila gramu 100, au amla vijiko 2 badala ya limau kama limau linakuwasha, mpaka iwe kama mtindi mzito. Tumia bakuli la plastiki au la kioo. Funika, iache mahali pa joto. Kwa joto la Mombasa saa 4 hadi 6 zinatosha, penye baridi iache usiku kucha. Utajuaje imeiva? Tia tone kiganjani, ngoja dakika tano, futa. Ikiacha doa la chungwa, iko tayari. Ukiiacha siku mbili kwa kudhani itakolea zaidi, rangi inakuwa imeshaanza kufa.

Paka kuanzia mizizi, fungu kwa fungu, kwa unene. Mvi za kwenye paji na karibu na masikio ni ngumu kushika, hizo zipake kwanza. Funika kwa plastiki, saa 3 mpaka 4. Suuza kwa maji na kondishena kidogo, kisha pitisha shampuu ili nili isikute utando wa mafuta. Utakuwa na kichwa chekundu kweli. Usitishike.

Hatua ya pili, siku hiyo hiyo au kesho yake. Nili haitaki limau, haitaki kulala. Gramu 100, maji ya vuguvugu, chumvi kijiko 1 cha chai, koroga, ngoja dakika 10 hadi 15 tu mpaka uone ngozi ya buluu ikianza kujitanda juu ya ule ukijani. Hapo paka mara moja, maana baada ya nusu saa nguvu zake zinapungua. Nywele ziwe na unyevu, si za kuchuruzika. Saa 1 hadi 2, suuza kwa maji matupu. Ukijiangalia kwenye kioo siku hiyo unaweza kuona ukijani kidogo, na weusi hukolea kwa hewa ndani ya siku mbili. Kwa hiyo shampuu ipumzike saa 48.

Ikishindikana, kisa huwa kimojawapo kati ya hivi: nili ilichanganywa na limau au mtindi, ilikaa muda mrefu kabla ya kupakwa, nywele zilikuwa na mafuta, au unga ni wa zamani. Nili nzuri ina kijani cha jani kavu na harufu ya njegere mbichi. Iliyogeuka kijivu haina kazi.

Wakati mwingine hina yenyewe ni bandia. Weka unga kidogo juu ya karatasi nyeupe ya tishu iliyolowa. Ukijani mkali ukisambaa papo hapo, umetiwa rangi ili uonekane mbichi. Hina safi huacha mpaka wa kahawia-chungwa, taratibu. Halafu tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, ngoja: mchanga ukiwemo hutua chini kwanza na utauona. Hina nyingi njema ya India hutoka Sojat, Rajasthan, lakini jina la mji kwenye pakiti si dhamana. Na kabla ya kichwa, paka nukta kwenye kiwiko kwa ndani usubiri saa 48, kila unapofungua pakiti mpya.

Swali: Mtoto wangu ana miezi minane, nywele ni chache. Jirani ananishauri nimpake hina ili ziwe nyingi. Naomba kipimo chake.
*Mama wa mtoto, Lamu*

Jibu: Usimpake, dada, hata kidogo. Hina haioteshi nywele, na kwa mtoto mchanga inaweza kumpeleka hospitali.

Kuna upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD ambao watoto huzaliwa nao, wavulana zaidi. Ni wa kawaida kwenye nchi ambazo malaria imekaa kwa karne nyingi, na pwani yetu imo. Mtoto huyo anaonekana mzima kabisa mpaka akutane na kitu kinachovunja chembe zake nyekundu za damu. Lawsoni ya hina ni mojawapo, na ngozi laini ya mtoto huipitisha. Nafthalini, yale matufe meupe ya kabati la nguo, ni nyingine. Kama mtoto yeyote amepakwa hina, kichwani au mikononi, na siku zinazofuata ukaona macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai isiyo na maziwa, kupauka ulimi na viganja au ulegevu, ni hospitali siku hiyo hiyo, na mwambie daktari kuhusu hina kabla hajauliza.

Nywele chache kwa miezi minane ni hali ya kawaida. Mwogeshe, mpake mafuta ya nazi kiasi, muache akue.

Swali: Nimejifungua miezi minne iliyopita, nywele zinatoka kwa mafungu. Mafuta ya bringaraji na amla yatazirudisha?
*Msomaji, Dodoma*

Jibu: Hongera kwa mtoto. Zitarudi, lakini si kwa sababu ya mafuta. Wakati wa ujauzito nywele nyingi zilizopaswa kuanguka zilibaki. Baada ya kujifungua, kuanzia kama mwezi wa tatu, zinaanguka pamoja. Kwa wengi hali hutulia kabla mtoto hajatimiza mwaka. Unywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, na hakuna unga unaouharakisha mara mbili, pakiti iseme itakavyosema.

Kinachosaidia kujua ni kuziangalia zinazoanguka. Chukua kumi kutoka kwenye chanuo, uziweke juu ya karatasi nyeusi karibu na dirisha. Zenye kidoto cheupe kwenye ncha moja zimetoka kwenye shina lake, huko ni kuanguka. Zisizo na kidoto, fupi, za urefu tofauti, zimekatika njiani. Kwa kuanguka, subiri, kula vizuri, na upime damu, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma baada ya kujifungua hufanya hali iwe mbaya zaidi. Kwa kukatika, hapo mafuta yana kazi.

Utafiti wa Aarti Rele na R. B. Mohile, uliochapishwa 2003, ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza kwa kiasi cha kuonekana protini inayopotea kwenye unywele, hasa yakipakwa kabla ya kuosha. Ni vyema kujua kwamba watafiti hao walikuwa wafanyakazi wa kampuni inayouza mafuta ya nazi. Hata hivyo sababu waliyoitoa inaeleweka: mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele, hayo mengine mawili hukaa juu.

Kuyapika: mafuta ya nazi ml 250, unga wa bringaraji vijiko 2 vya chakula, wa amla kijiko 1. Tia kwenye bakuli kavu la kioo au la bati, uliweke ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole, saa 2, ukikoroga mara kwa mara. Usiyaweke moja kwa moja juu ya jiko la mkaa. Unga huungua chini kwa dakika chache na mafuta yote yananuka moshi. Mafuta yakigeuka kijani cha mzeituni, epua, yapoe, chuja mara mbili, tia kwenye chupa iliyokauka kabisa. Tone moja tu la maji likiingia, ukungu utaota. Yaweke gizani, yatumie ndani ya miezi mitatu.

Paka vijiko 2 vya chakula kwenye urefu wa nywele na ncha, saa 1 au 2 kabla ya kuosha, mara moja kwa wiki. Na kama nywele zinapungua zaidi kwenye paji na pembeni ya masikio, huenda si kujifungua peke yake, ni msuko unaovuta. Fumua, na ukisuka tena mwambie msusi asiguse nywele changa za mbele. Kovu likishajengeka pale, hakuna mafuta yatakayootesha kitu.

Swali: Nina mba wa miaka. Nakanda kichwa kwa mafuta ya amla kila usiku lakini mba unazidi.
*Msomaji, Kampala*

Jibu: Unazidi kwa sababu unaulisha. Mba huhusishwa na kuvu aitwaye Malassezia anayeishi kwenye ngozi ya kichwa na kula mafuta. Acha mafuta ya usiku leo.

Chemsha maji ml 500, tia unga wa mwarobaini vijiko 2 vya chakula, funika mpaka ipoe, chuja, mwaga kichwani baada ya kuosha, kaa dakika 10, suuza. Fanya mara mbili kwa wiki. Kama wiki nne zimepita bila nafuu, nenda duka la dawa ukanunue shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, itumie mara mbili kwa wiki, ikae kichwani dakika tano kila mara. Tunapenda mwarobaini, lakini dawa hii imethibitishwa vizuri zaidi na haina aibu. Penye vidonda, usaha au nywele zinazotoka kwa mviringo, mwone daktari, huo si mba.

Swali: Nina nywele za dawa. Nataka kutia hina. Saluni wamenikatalia, wanasema zitakatika zote.
*Msomaji, Dar es Salaam*

Jibu: Saluni wana sababu ya kuogopa. Hina safi haigombani na dawa ya kulainisha nywele, lakini pakiti nyingi zilizoandikwa hina zina chumvi za madini kama risasi au shaba, na hizo zikikutana na peroksaidi ya rangi au ya kubliichi hupata joto na kuzikata nywele. Fundi anayejua kazi anaweza kupima: peroksaidi ya asilimia 6 ml 30, matone 20 ya amonia, nywele 20 ulizozikusanya kwenye chanuo baada ya kutumia unga huo, dakika 30. Zikichemka, zikapata joto au zikabadilika rangi ghafla, unga huo tupa.

Ukipata hina safi, weka dawa kwanza, subiri wiki mbili, ndipo hina. Utaratibu wa kinyume unasumbua, kwani hina hujenga tabaka juu ya unywele na dawa inashindwa kuingia sawasawa. Sehemu zinanyooka, sehemu hazinyooki. Fahamu pia kwamba hina haitoki. Ukitaka kubliichi baadaye utapambana na chungwa, na kama uliweka nili juu, utapambana na kijani.

Swali: Naweza kunywa unga huu wa amla? Na pakiti niliyoifungua hukaa muda gani?
*Msomaji, Muscat*

Jibu: Wa nywele usiunywe. Amla huliwa kweli nchini India, kwa achari na kwa juisi, ila pakiti ya vipodozi haikukaguliwa kama chakula. Hata zile zinazouzwa kama dawa za kumeza zinahitaji tahadhari: mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa madukani Boston, Marekani, na 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Ukitaka amla ya kula, nunua iliyosajiliwa kama chakula.

Kuhusu kukaa: hamishia unga kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, weka mbali na bafu na jiko, chota kwa kijiko kikavu. Amla, shikakai na uwatu hukaa mwaka mmoja. Hina na nili zifungwe bila hewa na kuwekwa friza, na zikishafunguliwa zimalizwe ndani ya miezi sita. Andika tarehe ya kufungua juu ya chupa kwa kalamu. Chochote ulichokwisha kukitia maji ni cha siku hiyo, isipokuwa hivi viwili. Maji ya shikakai yaliyochujwa yanaweza kukaa kwenye friji siku mbili, na yakianza kunuka uchachu yamwage. Na kati ya vilivyotiwa maji, hina iliyobaki ndiyo peke yake inayogandishwa: itie kwenye mfuko wa plastiki, itoe hewa, iweke friza, na siku ya kuitumia iyeyushe kwa kuiacha mezani, si kwa maji ya moto.